Nimeokota Jiwe Mbele ya Sokwe

Jumatano, jioni. Mvua ilianza alfajiri na imekatika sasa hivi, lakini miti bado inadondosha maji kama paa bovu. Nimekaa hapa gatini, wanapofunga boti za hifadhi, kwa sababu ndipo mtandao unapopatikana. Naandika nafuta, naandika nafuta.

Najua nyumbani mnasomaga hapa hata kama hamsemi. Kwa hiyo salamu kwanza.

Baba Nyangeta, hujambo mume wangu? Mashine inasaga? Ule mkanda uliokuwa unaruka umeshabadilisha, au bado unaufunga na kamba? Mama mkwe, shikamoo. Mguu unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua wanakupaka kila jioni au wanakusahau? Wifi yangu Rebeka, asante kwa kunishikia nyumba, na yule mbuzi mwekundu akizaa usimkamue kwanza, mwache mtoto anyonye ashibe. Bwire mwanangu, wewe uliyenifungulia hii blogu, usinisahihishie maandishi, waache watu wanisome nilivyo. Esta, unakula? Usilale na nywele mbichi. Majirani wote wa Murangi na kina mama wa kwaya, salamu zenu nilizifikisha. Mimi ni mzima. Nyangeta ni mzima.

Narudia, Nyangeta ni mzima, maana nitakayoandika hapa chini yatawashtua.

Kwa msiotufahamu, Nyangeta ni binti yangu wa kwanza. Alisomea mambo ya wanyamapori, akapata kazi huku kisiwani, ng'ambo ya Geita, kwenye hifadhi yenye msitu mkubwa wa mvua. Bado yuko kwenye majaribio. Kazi yake ni kuwafuata sokwe kuanzia asubuhi mpaka wanapopanda juu kutandika majani ya kulalia, na kesho yake tena, na kesho kutwa tena, mpaka wazoee watu, ili wageni wakija wasikimbie.

Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Sisi kwetu tunalia na nyani waliozoea watu. Nyani akikuzoea anaingia jikoni anafunua sufuria. Mimi nimekulia kwenye shamba la mihogo chini ya mawe ya mlima, debe mkononi, nawinga nyani na ngedere, na Nyangeta mwenyewe nilimfundisha kazi hiyo kabla hajaanza shule. Leo anaajiriwa kuwazoesha.

Baba yake hakucheka. Yeye alitaka binti arudi asimamie mashine ya kusaga. Tangu aondoke, hajaongea naye hata siku moja. Mimi nikipiga simu, yeye anatoka nje anakaa karibu na mlango, anasikiliza. Akiona nimekata, anauliza, "Mvua imenyesha huko?" Basi. Swali lake ni hilo tu.

Halafu mwezi uliopita Nyangeta akatuma picha, mkono umefungwa bandeji. Alisema ni mwiba. Sisi hatukuamini. Pale sokoni kuna mtu akasema sokwe anang'ata vidole vya watu, anavikata kama muwa. Siku hiyo baba yake alizima mashine mchana, watu wakiwa kwenye foleni, akaja nyumbani akaniambia, "Nenda kamchukue. Usirudi bila yeye."

Sikumbishia. Na mimi nilikuwa nataka hivyohivyo.

Nilipofika juzi nilimkuta amekonda, amekuwa mweusi, anacheka sana. Mkono umepona, na kweli ulikuwa mwiba, nimeliona mwenyewe kovu lake. Nilimpa dagaa, nikampa unga wa udaga, ule wa mihogo yetu iliyovundikwa. Sikumwambia nimekuja kumchukua. Nilisema nimekuja kumtembelea. Nilipanga nimwambie leo, baada ya kuona huo msitu, ili niwe na la kusema.

Asubuhi, kabla hatujatoka jikoni kwao, aliniketisha.

"Mama, nisikilize vizuri. Una mafua?"

"Sina. Kwani naenda kwa daktari?"

"Mafua yetu yanawaua. Na hii barakoa usiivue. Sasa sikia. Hakuna kupiga kelele. Hakuna kukimbia. Na usiiname kuokota kitu chochote, hata ndala ikikuvuka iache."

"Ndala gani na nimevaa mabuti yako?"

"Mama."

"Nimesikia."

"Haya sema nilichosema."

"Kelele, kukimbia, kuinama." Nikasema kama ninavyosemaga katekisimu. Akanirudisha nikasema tena. Hapo tulikuwa wawili tu. Askari wa hifadhi mwenye bunduki tulimkuta mbele, kwenye njia, akatangulia.

Jamani, mimi ziwa naliogopa kidogo, nyoka namwogopa sana, lakini ule msitu ni kitu kingine. Kwetu mtu akija unamwona tangu yuko mbali, unajua ni nani kwa mwendo wake, una muda wa kuweka chai. Mle ndani huoni chochote. Ilikuwa asubuhi lakini mwanga ni wa magharibi. Mizizi imetoka juu ya ardhi imefika kiunoni. Kuna kamba za miti zinaning'inia, ukizigusa zina maji na wadudu. Juu hakuna mbingu, ni majani tu, na majani juu ya majani. Nilimshika Nyangeta mkoba wake kwa nyuma, kama mtoto anavyomshika mama yake sokoni, sikuuachia.

Yeye anatembea kama yuko uani kwake. Anasimama, ananusa, anaangalia ganda la tunda chini, anasema, "Wamepita sasa hivi." Mimi namwangalia shingo yake ile ninayoijua tangu ina harufu ya maziwa, nawaza, huyu mtoto anapitaga hapa kila siku, na mimi niko nyumbani napepeta mtama sijui kitu.

Halafu zikaanza zile sauti.

Mmoja alianza taratibu, huu, huu, huu, akapandisha. Wa pili akamdaka. Ghafla msitu mzima ukawa unalia, mbele, nyuma, juu, kama nyumba yenye msiba mwili unapoingizwa. Halafu mtu akapiga ngoma. Hakuna ngoma mle, ni sokwe anapiga mizizi ya mti kwa miguu yake. Ule mshindo niliusikia tumboni.

"Nyangeta, turudi."

"Wanasalimiana tu, mama."

"Salamu gani hizo?"

"Kama zako na shangazi Rebeka asubuhi mkikutana kwenye uzio."

Askari akacheka chini ya barakoa. Mimi sikucheka.

Tukawakuta kwenye sehemu yenye uwazi kidogo. Sikuhesabu. Wengine juu, wengine chini wanakula. Kulikuwa na jike lina mtoto kifuani, na kila askari wetu akisogea kidogo, lile jike linaweka kiganja juu ya mgongo wa mtoto, linatuangalia. Nilimwelewa. Na mimi nilikuwa namwangalia yeye hivyohivyo.

Nyangeta akachuchumaa. Macho yake yalikuwa na machozi, nikadhani anaumwa. Akanong'ona, "Hawajawahi kukaa karibu hivi. Mama, umekuja na bahati."

Na hapo ndipo akatokea dume lao kubwa. Wamempa jina Mwenyekiti, kwa sababu akikaa yeye na wenzake wanakaa. Alitoka nyuma ya mti upande wa kulia, anatembea kwa mikono na miguu, mabega mapana kama mlango wa stoo. Nywele zimemsimama. Akawa anamfuata Nyangeta. Nyangeta alimwona, lakini badala ya kuondoka akageuza uso pembeni, akabaki amechuchumaa, amempa mgongo.

Mimi niliona mgongo wa mwanangu, na nyuma yake huyo mnyama.

Sijui niliinama saa ngapi.

Wenye mashamba mtanielewa. Nyani hamwogopi mwanamke, ndiyo maana tunavaaga suruali na kofia za waume zetu tukienda kulinda. Lakini hata hivyo kuna kitu kimoja anakiogopa. Ukiinama tu, hata kama chini hamna jiwe, anakimbia. Sisi tunainama kabla hatujafikiri. Mkono unaenda wenyewe. Nilipopata akili nilikuwa nimesimama wima, jiwe mkononi, na mdomo wangu unapiga ule ukelele wa shambani, ule wa kuwaita na majirani waje na mbwa.

Sokwe hakukimbia.

Alisimama kwa miguu miwili. Alifungua mdomo nikaona meno yote mpaka ya nyuma. Akashika mche, ule mti mzima mwembamba, akaung'oa akaja anauburuta kwangu, majani yenye maji yakanipiga usoni, na wenzake wote juu wakaanza kupiga kelele kwa pamoja. Sikukimbia kwa sababu miguu haikuwepo.

Nyangeta akanirukia. Alinisukuma chini kwenye tope, akakaa juu yangu, kabisa, kama kuku juu ya yai, akainamisha kichwa. Akaanza kuchuma majani na kuyatia mdomoni chini ya barakoa, anatafuna kwa sauti kama mbuzi, kumwonyesha sokwe kwamba tunakula tu, hatuna ugomvi. Mkono wake mwingine ulikuwa umeukandamiza mkono wangu wenye jiwe ndani ya tope. Nikasikia mti karibu na kichwa changu umepigwa teke. Nikanusa harufu ya huyo sokwe, kali, kama jasho la mtu na moshi. Halafu nikasikia kofi. Moja. Lilimpata Nyangeta mgongoni, na mimi nililisikia kifuani kwa kuwa alikuwa juu yangu.

Mwanangu hakutoa sauti. Aliendelea kutafuna majani.

Halafu kukawa kimya. Yakabaki matone tu.

Nilijikojolea. Naandika hivyohivyo, na Bwire usifute.

Askari alikuwa ameinua bunduki juu lakini hakupiga. Alisema, "Wameondoka." Nyangeta akashuka, akapiga magoti mbele yangu, akatema yale majani. "Mama, fungua mkono." Nilikuwa bado nimelishika lile jiwe. Akanifungua kidole kimoja kimoja.

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Njiani kurudi alisema maneno machache tu. "Leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wamekaa." Na baadaye, "Sasa wataanza tena kutukimbia." Alisema kama mtu anayeongea na mkoba wake.

Kambini nilimvua fulana. Mgongoni kuna alama, imevimba, nyekundu imeanza kuwa nyeusi, inaonyesha na vidole. Ngozi haikuchanika. Mganga wao wa kambini amemwangalia, amempa dawa, amesema mifupa ni mizima. Nilimkanda kwa maji ya moto. Nilikuwa namkanda na huku nafanya hesabu zangu za siri, kwamba sasa nimepata la kusema. Sasa nitamwambia, umeona? Funga mizigo.

Kabla sijasema, nikaitwa ofisini.

Afande mkuu wao ni mtu wa Tarime, mrefu, anaongea taratibu. Alinipa kiti, akaniuliza kama nimekunywa chai. Halafu akasema, "Mama, pole sana. Nina swali moja tu. Binti yako alikueleza masharti kabla hamjaingia msituni?"

Akaona kama sijaelewa, akanifafanulia. "Ukiniambia hakukueleza, kosa ni lake. Yuko kwenye majaribio, sitaweza kumbakiza, ataondoka na wewe kesho. Ukiniambia alikueleza, kosa ni la mgeni. Mgeni anaondoka, yeye anaendelea na kazi. Sasa wewe niambie ukweli tu."

Neno moja tu. "Hakuniambia." Na mwanangu anarudi nyumbani.

Baba Nyangeta, nataka ujue neno hilo lilinifika mdomoni kabisa. Hakuna ambaye asingeniamini. Mama wa kijijini, darasa la nne, amekuja na unga kwenye mfuko wa rambo, nani angeshangaa kwamba hakuelezwa? Na Nyangeta asingenibishia mbele ya watu, namjua, angeinamisha kichwa. Nilimwona kabisa amekaa kwenye kigoda chake uani, mzima, vidole vyote kumi. Nilikuwa nimeletewa mtoto wangu kwenye sahani, kazi yangu ni kunyoosha mkono.

Ofisi ina dirisha. Nikaangalia nje. Nyangeta alikuwa amechuchumaa kwenye bomba, mgongo umempinda upande kwa maumivu, anafua kitenge changu. Kile nilichokichafua. Hakumwambia mtu, hakuniambia na mimi. Alikuwa anakifua haraka haraka kabla wenzake hawajaja kuuliza ni cha nani.

Nikamwambia afande, "Aliniambia. Mara mbili. Akanirudisha nikasema kwa mdomo wangu. Mimi ndiye niliyesahau."

Akanitazama. "Hukusahau, mama. Uliona mtoto." Akasimama. "Boti ni asubuhi. Safari njema."

Nilitoka pale na hofu kubwa kuliko ile ya msituni. Mle msituni nilikuwa naogopa sokwe mmoja kwa muda mfupi. Sasa hivi naogopa kila asubuhi inayokuja. Nikiwa napepeta, nikiwa kanisani, nikiwa namsuka Esta, huyu atakuwa mle ndani, na Mwenyekiti anamjua mgongo. Na ni mimi niliyemwacha huko, kwa mdomo wangu.

Naogopa.

Naogopa na wewe utakavyonipokea, mume wangu. Uliniambia nisirudi bila yeye.

Jioni hii tulikula pamoja, ugali wa udaga na dagaa wetu. Nilidhani ataniuliza nilisema nini ofisini. Hakuuliza, nadhani ameshaambiwa. Alimega, akachovya, akaniuliza, "Baba anasemaje?"

Nikasema, "Anakusalimia."

"Mama." Alitabasamu bila kuniangalia. "Baba hajanisalimia tangu nitoke."

Akaendelea kula, na mimi nikamchagulia dagaa wakubwa nikamsogezea upande wake kama mtoto mdogo, akawala wote.

Baba Nyangeta, kwa hiyo nakwambia mbele ya watu wote wanaosoma hapa, kwa sababu nikikupigia simu sitaweza kuongea. Nakuja peke yangu. Usije stendi ukaangalia mlango wa basi mpaka mtu wa mwisho ashuke, utaumia bure. Hasira zako niwekee mimi, nitazikuta nyumbani, tutazimaliza wenyewe.

Lakini yeye mtumie neno. Haraka, usingoje mpaka foleni ya kusaga iishe. Asubuhi anaingia tena msituni, na mgongo wake ule, na mle kwenye miti hakuna mtandao. Najua kuandika maneno marefu kunakushinda. Andika jina lake tu. Au muulize kama mvua imenyesha.

Simu yake ameniachia hapa gatini iingie mtandao. Nimeziweka mapajani zote mbili, yake na yangu. Nasubiri.